Marehemu Anatuma Salamu

Niliota usiku wa jana kwamba nimekufa, na aliyeniletea habari hiyo ni simu yangu mwenyewe.

Kabla sijaendelea, mnijue. Mimi naitwa Siwema binti Kapalata, wa Urambo. Zamani za redio, wakati mtu ananunua kadi ya salamu kwanza ndipo anakumbuka chumvi, nilijulikana kama Mama Sitishiki wa Urambo. Kuna watu Nzega, Mpanda mpaka Kahama ambao hawajawahi kuniona sura, lakini jina langu walilijua kuliko la mbunge wao. Siku hizi nina simu ya kupangusa. Alininunulia binti yangu, Ramla, anayekaa Tabora mjini.

Tabora na Urambo si safari ya kufa mtu. Ukipanda basi la alfajiri unafika watu bado wanakunywa chai. Lakini tangu Ramla aninunulie hii simu, haji. Nikimwandikia kwamba mgongo unaniuma, ananijibu kwa kidole gumba. Nikimwandikia kwamba nimepona, kidole gumba. Sasa sijui amefurahia lipi.

Basi, katika ndoto nimelala kitandani kwangu, jua limeshatoka, na simu iko chini ya mto. Inakohoa.

"Bi Siwema," inasema, "pole na msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wako."

Sauti yake ilikuwa ya heshima, ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Nikaiambia isinitanie asubuhi yote hii, hata uso sijanawa.

"Sikutanii. Umefariki kwenye grupu la ukoo. Wameshaandika innalillahi karibu wote, wamebaki wasiokuwa na chaji."

Nikaitoa chini ya mto nikatazama. Kweli, picha yangu iko pale, ile niliyopigwa kwenye harusi ya Idrisa, nimesinzia kwenye kiti cha plastiki, mdomo wazi kidogo, mtandio umeniteleza. Idrisa ni mtoto wa marehemu kaka yangu, yuko Dar es Salaam, na ndiye mwenye hilo grupu. Chini ya picha kuna innalillahi moja, kisha nyingine, kisha amina, kisha mikono iliyokunjwa. Wifi yangu Mwajuma, ambaye hatujasemeshana tangu ugomvi wa sufuria la pilau, kaandika kwamba nilikuwa nguzo ya ukoo. Nguzo! Mwajuma huyu huyu.

Nikaandika: Mimi mzima, acheni upuuzi. Maneno yakatoka kwenye kioo, yakaanguka kiganjani mwangu kama punje za mchele.

"Hayaendi," simu ikasema. "Idrisa ameshakutoa kwenye grupu. Amekutoa kwa heshima. Marehemu hawezi kukaa humo watu wakijadili mazishi yake, itakuwa aibu."

"Nani kaniona nimekufa?"

"Hakuna aliyekuona. Idrisa alirusha picha. Alitaka kuandika kwamba ulimpikia vitumbua alipokuwa mdogo na amevikumbuka, bando likamwishia kabla ya maneno. Sasa Bibi, hebu fikiri. Picha ya mtu mzima, haina neno hata moja, kwenye grupu la ukoo, asubuhi. Wewe mwenyewe ungeandika nini?"

Ningeandika innalillahi, na ningeiandika haraka ili Mwajuma asinitangulie.

Mlango unagongwa. Nasema karibu, kwa mazoea tu. Inaingia mishale miwili.

Si mishale ya upinde. Ni ile ya kijivu inayokaa juu ya ujumbe wa simu uliozungushwa mno, mpaka hakuna anayejua uliandikwa na nani. Ilikuwa mirefu kunipita, ikabidi iinamishe ncha ili ipite chini ya kizingiti. Kila mmoja ulikuwa umevaa kofia ya kiua, imekaa vizuri kabisa.

"Assalaam alaykum," ukasema mshale wa kwanza. "Tumekuja kukuchukua. Unazikwa baada ya adhuhuri."

"Waalaykum salaam. Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

Mishale ikatazamana, kwa namna mishale inavyoweza kutazamana.

"Kuna wanaosema presha," ukajibu wa pili. "Kuna wanaosema umeteleza bafuni. Mpaka sasa presha inaongoza."

"Mimi sina presha."

"Ulikuwa huna."

Nikaketi kitandani nikafunga khanga yangu vizuri, maana ugomvi wowote wa maana unaanza kwa kufunga khanga. Nikaiuliza mishale imetumwa na nani. Ikasema haitumwi na mtu. Habari ikishapita mikono mingi, ikapachikwa mishale miwili, basi haihojiwi tena, inatekelezwa. Wiki iliyopita, ukasema wa kwanza, ilizunguka na habari kwamba maji ya tangawizi yanarudisha meno, na ya wazee wawili wa Sikonge yameota. Ulisema hivyo bila kutabasamu.

"Sikilizeni niwaambie," nikasema. "Zamani mtu wa Urambo hakufa hivi hivi. Ndugu yake alikwenda kwa mtendaji kwa miguu yake. Mtendaji akaja kumtazama maiti kwa macho yake, akagonga muhuri, ndipo tangazo likapelekwa redioni. Na redio haikuwa na haraka. Ilikutaja wewe, ikamtaja baba yako, ikataja watoto, wakwe, wajukuu, na ndugu wa Kaliua na kwingine kokote waliko. Mtu uliyefiwa unalia, lakini unajisikia umesomewa vizuri. Mimi nani kanisoma?"

"Hujasomwa," ukakiri wa pili. "Siku hizi hawasomi, wanatazama tu."

"Basi siendi. Sizikwi kwa picha ya kusinzia. Nitasomwa kwanza, na kama kuna mtu redioni atakayethubutu kunisoma mbele yangu, tutaonana."

Mishale ikanong'ona pembeni, ncha kwa ncha. Kisha wa kwanza ukasema kwamba ni haki ya zamani lakini haijafutwa, kwa hiyo itanisindikiza. Nikasema sawa, ngoja nichukue khanga ya kutokea. Nikafungua kabati.

Ndani ya kabati hakuna khanga. Kuna korido ndefu ya stesheni ya redio, rangi ya kijani chini na nyeupe juu, na harufu ya vumbi lililopata moto. Naingia. Mishale inanifuata nyuma, inaomba radhi kila inapokwaruza dari.

Kwenye benchi za korido zimekaa nyimbo. Nilizijua kuwa ni nyimbo kwa jinsi zilivyokuwa zikitikisa mguu. Mwisho wa korido kuna mlango ulio wazi, na mlangoni amesimama Mkasi, mkubwa kama mlango wenyewe, anaita mmoja mmoja. Wimbo unaingia mzima, unatoka kiitikio. Vile viitikio vinatimka koridoni bila mwanzo wala mwisho, vinarudia neno lile lile, vinagonga ukuta, vinarudi.

Kando yangu kakaa wimbo mmoja wa dansi, mzee wa heshima, suruali pana, viatu vyenye kisigino, magitaa matatu amepakata kama wajukuu. Nikamfahamu papo hapo. Ni ule wa "Nauli Nimetuma, Mbona Hufiki". Mimi na marehemu mume wangu tulimcheza mpaka sakafu ya ukumbi ikaomba maji.

"Bi Siwema," akasema, "na wewe umeletwa kukatwa?"

"Nimekuja kusomwa."

"Hawasomi tena. Unapewa sekunde chache, wanaangalia kama watu wametulia. Wakiwa hawajatulia, unatupwa. Mimi nimewaambia gitaa langu la kwanza peke yake linazipita hizo sekunde. Mwimbaji wangu wakati huo hajaingia hata mlangoni, bado anafunga tai." Akatikisa kichwa. "Zamani mtangazaji akiniweka mimi, alikuwa anatoka anakwenda kunywa chai. Akirudi, bado naomba msamaha."

"Watu walikuwa na subira."

"Watu walikuwa na redio moja," akasema. "Subira ilikuja yenyewe."

Simu inatetemeka kwenye upindo wa khanga yangu. Naitoa. Inasema, kwa ile sauti yake ya heshima: "Ramla ameweka picha ya mshumaa. Yuko kwenye basi. Analia."

Nikatazama. Nikamwona mwanangu kwenye kioo, paji la uso ameliegemeza dirishani, ushungi wote umelowa. Hajali kabisa kwamba watu wanamwona. Sijamwona Ramla akilia tangu alipokuwa mdogo.

Mshale wa kwanza ukainama sikioni pangu. Sauti yake sasa ilikuwa ya upole.

"Bi Siwema, fikiri vizuri kabla ya kukanusha. Wanakuja wote. Idrisa ameomba ruhusa kazini. Mwajuma anabeba sufuria. Ramla huyo hapo njiani, unamwona. Ukisema u mzima, wanashuka njiani wanageuza. Watakutumia kikatuni cha kucheka, na Ramla atakutumia kidole gumba, utarudi kulala na simu chini ya mto. Ukikubali tu kulala kimya, leo hii unao wote."

Hapo mshale uliniweza. Nikakaa kwenye benchi, mguu wangu nao ukaanza kutikisika kama wa nyimbo. Nisiseme uongo, nilimtaka mwanangu. Nilimtaka hata kwa sanda. Nikawaza jinsi atakavyoingia chumbani kwangu, aguse vitu vyangu, apige magoti, anieleze yote ambayo hajanieleza tangu aninunulie simu. Nikawaza, kwani kulala kimya ni kazi gani.

Halafu hasira ikanipanda. Yaani mwanangu aje kutoka Tabora, anilie, anisimulie habari zake zote, na mimi nimelala pale pamba puani, siwezi hata kumuuliza amekula nini? Anieleze nani kamuudhi kazini, na mimi siwezi kumtukana huyo mtu kwa niaba yake? Mama wa namna gani huyo?

"Ng'o," nikauambia mshale.

"Umesemaje?"

"Nimesema ng'o. Atakuja, na atanikuta macho."

Mzee wa "Nauli Nimetuma" alikuwa amesikia yote, maana nyimbo za zamani zina masikio. Akasimama, akapanga magitaa yake.

"Njoo," akasema. "Mimi naingia, wewe unaingia na mimi. Nikianza kupiga, wewe sema juu ya gitaa. Wenyewe hawataweza kunikata katikati."

"Kwa nini?"

"Katikati yangu haijulikani iko wapi. Hata mimi sijawahi kuifikia."

Mkasi akaita anayefuata. Tukaingia. Chumba kilikuwa kidogo, meza moja, kipaza sauti kimoja kimevaa soksi. Mkasi akanitazama juu mpaka chini.

"Huu wimbo wa pili mbona mwembamba?"

"Mimi si wimbo. Mimi ni salamu."

"Salamu zilikomeshwa. Kadi yako iko wapi?"

"Kadi ziliisha dukani. Nimekuja mwenyewe."

Mkasi akafungua midomo yake kutaka kunikata shingoni, na hapo hapo mzee akaanza gitaa. Ule uzi wa kwanza ukapita katikati ya vyuma vyake ukakwama humo. Akajaribu kufunga, hakuweza. Akabaki kaachama, anasubiri gitaa limalizike, na gitaa halina habari naye.

Nasogeza kiti. Nashika kipaza sauti.

"Anayewasalimu," nasema, "ni Siwema binti Kapalata, Mama Sitishiki wa Urambo, mzima wa afya. Nawasalimu wafuatao. Kwanza Idrisa, Dar es Salaam. Mwanangu, bando likiisha nenda kanunue jingine ndipo urushe picha ya mtu, vitumbua vyako vipo. Wifi yangu Mwajuma, hapa hapa Urambo. Mimi si nguzo, mimi ni jirani yako, na sufuria ni langu. Wote mlioandika amina bila kusoma, nawasalimu, na mkome."

Gitaa la pili linaingia. Mishale imesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Wa mwisho ni Ramla, wa Tabora mjini, popote ulipo barabarani. Ujumbe wangu kwako ni huu. Mwanangu, usishuke. Usigeuze. Mama hajafa, njoo hivyo hivyo. Mama mzima ana haki ya kutembelewa kuliko maiti, maiti hajui nani kaja. Usije na machozi. Njoo na betri za redio, zile nene, maana za kwangu zimekufa tangu masika na sikutaka kukusumbua. Na hicho kidole gumba chako, njoo nacho, nikione kimeunganika na mkono."

Nilipomaliza, sauti yangu ilikuwa imekauka. Mzee wa dansi akanikonyeza, akaendelea kupiga.

Mshale wa pili ukajongea mezani. "Hizi salamu tuzizungushe kwa wangapi?"

"Hiyo ya mwisho, kwa mmoja tu."

"Hatujawahi kupeleka kitu kwa mtu mmoja."

"Mtajifunza."

Mishale ikasogea pembeni kushauriana. Kisha mshale wa kwanza ukasoma, ukitazama juu, kanuni ambayo inaelekea ilikuwa imeandikwa darini: marehemu anasalimiwa, hasalimu. Aliyesalimu si marehemu. Kwa hiyo habari ya kifo changu ina kasoro na inarudishwa ilikotoka. Ukanikabidhi kofia yake ya kiua, sijui kwa nini. Ule wa pili ulikuwa umeshaondoka mbio, peke yake, kwa mara ya kwanza maishani, kuelekea barabara ya Tabora.

Ndipo mwimbaji wa "Nauli Nimetuma" akaingia mlangoni, tai imekaa sawa, akasogelea kipaza sauti, akafungua kinywa. Sikusikia alichoimba. Niliamka.

Kulikuwa kumekucha. Jogoo wa jirani alishamaliza zamu yake, na mwanga ulikuwa umefika kwenye neti. Nikatafuta kofia kitandani, haikuwepo, nikajicheka. Mtu mzima unapiga kelele ndotoni na mtu ambaye ni mshale. Nikataka kusema bismillahi, sauti haikutoka. Koo lilikuwa limekauka kama la mtu aliyetoka kwenye mkutano wa hadhara. Nikasema ni vumbi, Urambo ina vumbi. Nikaosha uso, nikainjika chai, nikaendelea na maisha yangu.

Chai haijachemka, nasikia hodi.

Nilifikiri ni Mwajuma. Nikaenda mlangoni na maneno yangu tayari mdomoni. Nikafungua.

Alikuwa Ramla. Peke yake, mkoba begani, vumbi la barabara kwenye ushungi, macho mekundu kama ya mtu ambaye hakulala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ikanitoka ya kukwaruza. "Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa." Akaingia, akaangalia chumba chote, akaniangalia mimi, kisha akaniangalia tena, kama mtu anayehakikisha. Akafungua mkoba, akatoa mfuko wa karatasi, akauweka mezani. Ulitoa mlio wa kitu kizito. Nikauchungulia. Betri za redio, zile nene.

Nikavuta kiti nikakaa.

"Nani kakwambia redio yangu haina betri?"

"Wewe."

"Mimi? Lini?"

"Jana usiku, mama." Akasema hivyo kama anamkumbusha mtu mwenye kusahau. "Sauti ilikuwa na magitaa nyuma, sikukusikia yote. Nilisikia tu nije na betri, nisije na machozi." Akajipangusa shavu kwa kiganja. "Hilo la pili nimejaribu."

Nikamshika ule mkono wake wa kulia, kidole gumba kikiwemo. Kilikuwa cha moto. Chai ikachemka ikamwagikia kuni, wala hakuinuka mtu.

Baadaye akavuta pumzi. "Mama, mimi sikai. Kesho niko kazini, narudi na basi la mchana."

"Thubutu," nikamwambia. "Wewe umekuja msibani kwangu. Matanga ni siku tatu, na haya nayakaa mwenyewe nikiwa hai. Vua viatu."